Kilomita 24,108 za Kwenda Misa

Jumapili, 17 Agosti 2025

Naapa mbele ya daftari hili jipya kwamba nitaandika kila kitu, pamoja na yale yatakayoniaibisha. Mwalimu Pudentienne alituambia siku ya kufunga shule kwamba anayeficha mambo kwenye shajara anamdanganya msomaji mmoja tu, na msomaji huyo ni yeye mwenyewe. Sawa. Mimi, Kaliza, miaka kumi na tano, sifichi kitu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiyo lugha waliyokua nayo Baba na Mama kule Karagwe kabla ya kurudi Rwanda, na naipenda. Ya pili, binamu yangu Keith, anayekaa kwetu hapa Niboye, alikulia Mbarara na Kiswahili chake kinaishia kwenye "njoo" na "chakula". Akilifungua daftari hili ataona kichaka.

Sasa habari yenyewe. Leo ilikuwa Jumapili ya barabara bila magari. Kigali nzima ilikuwa inakimbia kwa miguu. Baba naye alikimbia. Kilomita mbili. Akachoka, akakaa kando ya barabara, na hapo hapo akapata gari. Asubuhi ambayo mji hauna magari kabisa, baba yangu amerudi nyumbani na gari! Si gari lenyewe, ni picha yake kwenye simu. Lakini macho yake yalikuwa kama ameshalipanda.

Jekundu. Viti viwili. Fupi, limelala chini kama sahani. La mwaka 1986. Muuzaji anaitwa Silvère, alikulia Bujumbura, ana uwanja wa magari ya zamani Kimisagara, naye alikuwa ameketi pale pale akipumzisha goti. Amemweleza Baba kwamba gari hilo lilikuwa la Mbelgiji mmoja, daktari wa meno, mcha Mungu, ambaye tangu 1986 hadi mwaka jana alilitumia kwa kazi moja tu: kwenda misa kila Jumapili. Kilomita sita kwenda, sita kurudi. Kwa hiyo limetembea kilomita 24,108 basi. Gari la karibu miaka arobaini! Nadhani hata mbuzi wa jirani ametembea zaidi.

Ubaya ni huu: Silvère hataki kuuza, anataka kubadilishana. Yeye atoe jekundu, Baba atoe Kobe.

Kobe ni gari letu la mizigo. Ana kilomita 412,000 na ushee, na kila moja ina mashahidi. Ndiye anayebeba mikate ya Mama alfajiri kuipeleka madukani na kwenye shule tatu. Bila Kobe, mikate itabaki jikoni ikitutazama. Isitoshe, tuko watu wanne na viti ni viwili. Baba amesema tutapokezana.

Lazima niwe mkweli: Baba ana sababu yake. Alipokuwa na miaka tisa, Karagwe, gari jekundu la mashindano lilipita mbele ya kwao na kumwachia vumbi mdomoni. Sekunde nne. Amezisimulia sekunde hizo maisha yangu yote. Nampenda Baba. Ndiyo maana nitamwokoa.

Mama alipoambiwa alikuwa anakanda unga. Aliendelea kukanda.

Makabidhiano ni Jumamosi tarehe 30, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Siku kumi na tatu. Kwa mtu mwenye akili zinatosha na kubaki.

Jumatatu, 18 Agosti

Mpango wa kwanza: hesabu. Mwongo hushindwa na hesabu, kila mtu anajua.

Nilikaa mezani na kikokotoo changu. Misa moja, kilomita 12. Mara majuma 52. Mara miaka 38. Jibu: 23,712. Lakini kidirisha cha kilomita kinasoma 24,108. Zimezidi 396! Nikaruka hadi nikapiga goti kwenye meza. Daktari wa meno alikuwa anazurura!

Nikampelekea Baba karatasi akiwa anakunywa chai. Nikaeleza kwa utulivu, kama wakili. Baba akasoma. Akaomba kalamu. Akauliza kama mcha Mungu haendi misa siku ya Krismasi.

Sikuwa nimefikiria Krismasi.

Krismasi 38 mara kilomita 12 ni 456. Sasa hazikuzidi tena, zilipungua, kilomita 60. Baba akagawa kwa 12. Safari tano. Akaweka kalamu chini na kusema kwa huzuni ya kweli kwamba Krismasi tano mzee wa watu alikuwa anaumwa. Akahesabu tena kutoka mwanzo. Inalingana. Hadi kilomita ya mwisho!

Keith akapiga makofi. Baba akakiri kwamba kabla ya chai alikuwa na shaka kidogo, kama punje ya mtama. Sasa hana. Karatasi yangu ameibandika kwenye mlango wa friji ili wageni waione.

Punje ile ya shaka nimeing'oa mimi. Kwa mkono wangu. Na alama zangu za hisabati ni asilimia tisini na moja.

Jumatano, 20 Agosti

Mpango wa pili: mguu. Jana nilikwenda kwenye kompyuta za kituo cha vijana nikasoma jinsi watu wanavyopunguza kilomita za magari ya zamani. Wanasema usitazame namba, tazama mahali mguu na mkono vinapogusa. Raba za pedali zikilika, gari limetembea. Mguu haujui kusema uongo.

Leo Baba alikuwa anakwenda Kimisagara kuliona gari. Nikaomba kufuatana naye. Keith naye akajiunga, akiwa amevaa miwani ya jua, ingawa kulikuwa na mawingu.

Silvère ni mrefu, ana leso mfukoni, na anamwita kila mtu patroni, yaani bosi. Mimi aliniita madmazeli, yaani binti. Alivua kofia mbele ya gari lake kana kwamba yuko kanisani. Lazima niandike ukweli: ni zuri. Ni zuri sana. Baba alizunguka mara tatu bila kuligusa.

Nikajipenyeza chini ya usukani. Raba za pedali: mpya! Nyeusi tii, hata vumbi hazina. Nikatoka na kutangaza kwa sauti kwamba gari la miaka thelathini na tisa haliwezi kuwa na raba mpya isipokuwa mtu amezibadilisha ili kuficha.

Silvère akacheka kwa upole. Akasema, "Madmazeli, zikilika unasema imetembea sana. Zikiwa mpya unasema imefichwa. Sasa hii gari ifanye nini ili ikupendeze?"

Baba akanitazama kama anayengoja jibu. Nikageukia dashibodi.

Ndipo nikaona kidirisha. Tarakimu tano tu! Maana yake, ikifika 99,999 inarudi kwenye sifuri kama mtoto aliyerudishwa darasa la kwanza. Nikasema inaweza kuwa 124,108. Au 224,108! Silvère akaniuliza nina miaka mingapi. Kumi na tano. Akamgeukia Baba: "Patroni, una hakika? Isije ikawa mia moja na kumi na tano, ikarudi sifuri tukiwa tumelala!"

Uwanja mzima ulicheka. Keith alicheka hadi miwani ikaanguka. Baba naye alicheka, na hilo ndilo lililouma.

Wakati wa kuondoka, fundi wa gereji ya jirani aliniita pembeni. Ni mwanamke, anaitwa Athanasie, mikono yake ina grisi hadi kwenye viwiko. Akaninong'oneza kwamba mafundi wakibadilisha oili hufunga kadi ndogo kwa waya kwenye injini, wakiandika kilomita za siku hiyo. Wadanganyifu hukumbuka kidirisha, husahau kadi. Akasema nitazame injini.

Asante Mungu kwa mafundi!

Ijumaa, 22 Agosti

Mpango wa tatu: injini. Sitaki kuandika. Lakini niliapa.

Nilimwambia Baba kwamba ninaona aibu kwa maneno ya juzi, na kama kuomba radhi ningependa kuliosha gari la Silvère kwa mikono yangu. Baba aliguswa. Macho yalimlowa! Akanipeleka mwenyewe. Nikapewa ndoo, sabuni na kitambaa.

Kwanza nikapiga picha ya kidirisha kwa simu ya zamani ya Mama. 24,108. Ushahidi hauchagui. Kisha nikangoja Silvère na Baba waanze kuzungumza, nikavuta kichuma cha kufungulia, nikafungua boneti.

Ndani hakukuwa na injini.

Kulikuwa na zulia. Zulia safi, na juu yake vipande vidogo vya karatasi inayong'aa, vyenye umbo la moyo. Nimesoma sana wiki hii juu ya udanganyifu wa kilomita, lakini huu ulipita yote. Nikapiga kelele. Nilipaza sauti hivi kwamba wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara walisimama. Nilisema, na nanukuu, "Baba, usitoe Kobe! Wameiba injini! Hili ni sanduku!"

Watu wakaja. Wengi. Athanasie akafunika uso kwa kiganja chenye grisi. Silvère alitembea polepole hadi nyuma ya gari, akafungua kule nyuma, na injini ilikuwepo, inang'aa, imelala mahali pake kama kuku anayeatamia.

Kumbe kuna magari yenye injini nyuma. Keith alikuwa anajua. Ati kila mtu anajua.

Kadi sikuiona. Sikupewa nafasi ya kuitafuta. Baba alinishika mkono kama nina miaka minne. Njiani alisema kitu kimoja tu, kwamba nisikanyage tena uwanja wa Silvère.

Nilibaki na kipande kimoja cha karatasi chenye umbo la moyo, kimeganda kwenye kiganja kwa sabuni. Nimekitazama sana. Inaonekana daktari wa meno hakuwa mcha Mungu kiasi hicho.

Jumamosi, 23 Agosti

Mungu ameniona!

Leo ilikuwa harusi ya Mutesi, binti wa majirani. Mama alioka keki, akaipeleka na Kobe moja kwa moja ukumbini, kule Rebero. Baba hakuja: alibaki kutoa magunia ya unga kwenye banda ili jekundu lipate pa kulala. Mimi nilikuwa kanisani, miongoni mwa wasichana sita wenye magauni ya njano.

Kengele zikalia. Bibi harusi akatoka. Na lililokuja kumchukua, limefungwa utepe mweupe na maua, ni nani? Jekundu! Gari la misa! Siku ya Jumamosi!

Na hapo hapo, juu ya boneti, mtu alirusha vipande vya karatasi vyenye umbo la moyo. Nikaelewa kila kitu. Hakukuwa na daktari. Silvère analikodisha kwa maharusi, pengine kila Jumamosi, kutwa kutwa.

Mpango wa nne ulizaliwa papo hapo. Ikiwa jana kidirisha kilisoma 24,108, leo lazima kisome zaidi, na picha mbili zitamaliza kesi. Nikainama dirishani upande wa bwana harusi, simu mkononi, nikijifanya nawapongeza. Utepe wa gauni langu ukanasa kwenye kishikio cha mlango. Bwana harusi, maskini, akaondoa gari.

Nikakimbia. Ningefanya nini? Nilikimbia kando ya gari nikitabasamu na kupunga mkono, ili watu wadhani ndivyo ilivyopangwa. Wakadhani. Wasichana wengine watano wa njano nao wakaanza kukimbia. Mpiga video alifurahi mno, alikuwa anarudi kinyumenyume mbele yetu akituonyesha dole gumba. Hatua hamsini hivi, kisha utepe ukakatika.

Ukumbini mshereheshaji aliwashukuru wasichana waliosindikiza maharusi kwa mbio, akasema ni ubunifu mzuri, na kila harusi iige.

Lakini ngoja. Huko Rebero gari lilikuwa limeegeshwa, kioo kimeteremshwa. Nikapiga picha. Nikatazama.

24,108.

Kutoka Kimisagara hadi kanisani, kutoka kanisani hadi bustani ya picha, kutoka bustani hadi Rebero. Milima yote hiyo! Na namba haikusogea hata moja. Nilikuwa natafuta namba iliyorudishwa nyuma, kumbe ni namba iliyolala usingizi. Nilikula vipande vitatu vya keki.

Jumapili, 24 Agosti

Nilimwonyesha Baba picha mbili. Ijumaa: 24,108. Jumamosi: 24,108. Nikanyamaza ili ukweli ufanye kazi.

Baba akazitazama kwa makini. Akasema ameridhika. Picha mbili, siku mbili, namba moja: gari halikutoka uwanjani, Silvère ni mkweli.

Nikasema nimeliona kwa macho yangu likibeba maharusi! Akauliza nina uhakika gani kama ni lile. Nikasema namba za gari! Akasema, tuone. Tukatazama. Kwenye picha ya pili kuna kidirisha, na kidole gumba changu. Basi. Namba za gari sikupiga. Mashine ya kupiga picha ilikuwa mkononi, gari lilikuwa mbele yangu limesimama kimya, na sikufikiria kuzunguka hatua mbili.

Mama hakuliona gari, alikuwa na keki jikoni. Wale wasichana watano wanakumbuka mbio tu. Keith akasema mjini yapo magari mekundu mengi. Nikamwambia ataje moja. Akasema lile la zima moto.

Jumanne, 26 Agosti

Magunia kumi na moja ya unga sasa yanalala chumbani mwangu. Nikigeuka kitandani napiga chafya.

Nilikutana na Athanasie sokoni (sokoni si uwanjani, sijavunja amri). Alinieleza kwamba kwenye magari ya zamani kuna waya mwembamba kama tambi unaotoka kwenye giaboksi hadi kwenye dashibodi. Ukiuchomoa, mshale hausogei wala namba hazisogei. Gari linatembea, kilomita zinalala. Dakika tano za kazi. Nikamwomba aje kumwambia Baba. Akahema. Akasema yeye na Silvère wanatumia jeki moja, na jeki ni ya Silvère.

Usiku nilimuuliza Mama kwa nini asikatae tu. Alikuwa anafunika ndoo ya chachu. Akasema mwaka 2009 alimkataza Baba kununua ng'ombe fulani mweupe, na hadi leo anasikia habari za maziwa ambayo Baba angekuwa anakunywa. Hatamkataza tena kitu. Baba ameshatoa neno lake kwa mtu, na neno ni neno.

Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba neno likitolewa hadharani huwa gumu kuliko la pembeni. Akazima taa.

Nimeiwaza sentensi hiyo hadi nimepata mpango wa tano. Mama asingeutaka, nina hakika. Au?

Jumamosi, 30 Agosti

Imekwisha. Naandika yote, kwa mpangilio.

Asubuhi ilikuwa umuganda. Mtaa wetu mzima tulikuwa tunazibua mtaro, Baba na jembe, mimi na Keith na toroli. Magari hayaruhusiwi kutembea hadi saa tano, kwa hiyo Silvère alikuwa bado hajafika. Baba aliinua kichwa kila dakika kama anayesubiri mgeni wa ikulu. Kobe alikuwa ameoshwa. Alionekana kama mtu aliyevalishwa kwa ajili ya safari asiyoijua.

Baada ya kazi kuna mkutano, kama kawaida, watu wamekaa kwenye nyasi na matope yao. Kiongozi wa mtaa alizungumza juu ya bima ya afya, juu ya mbwa, juu ya mtaro wenyewe. Kisha akauliza kama kuna mwenye mengineyo.

Nikainua mkono. Baba alidhani nataka kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandika hotuba kwenye kiganja, lakini matope yaliifuta. Nikasema kwamba kuna gari linakuja mtaani kwetu leo, linalodaiwa kwenda misa tu, ilhali linabeba maharusi kila Jumamosi, na waya wake umechomolewa, na kwamba baba yangu ni mtu mwema asiyestahili

Sentensi haikuisha. Ilikuwa saa tano na dakika tano, na jekundu likaingia mtaani.

Mwalimu Pudentienne, nisamehe, sina maneno. Jua lilikuwa juu yake lote. Watu wakanyanyuka kwenye nyasi kama ndege. Kiongozi wa mtaa alinyanyuka. Katibu aliyekuwa anaandika maneno yangu alinyanyuka na daftari lake. Nilibaki nimesimama peke yangu, mkono juu, nikihutubia majembe.

Wote walilizunguka. Na aliyefika wa kwanza ni mzee Ndihokubwayo, yule wa mahema na viti vya kukodisha. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amenisikiliza. Akamuuliza Silvère kama ni kweli maneno ya mtoto wa Gatera (ndiye Baba), kwamba gari hili linabeba maharusi.

Silvère akafungua mdomo kumtaja daktari wa meno. Lakini Ndihokubwayo akaendelea: maana kama ni kweli, na kama halijawahi kuzimika njiani na bibi harusi ndani, yeye amelitafuta gari la namna hii miaka mitatu, na pikapu yake mpya mpya iko pale, wabadilishane leo hii.

Silvère aliitazama pikapu. Alimtazama Kobe. Nilimwona akibadili dini.

"Patroni," akasema, "Jumamosi arobaini na mbili! Hakuna hata moja ilizimika! Kimisagara, Rebero, Nyamata, milima yote! Hii gari inajua njia za harusi yenyewe!"

Alisema hivyo kwa fahari, mbele ya mtaa mzima. Mbele ya Baba.

Baba, jembe bado mkononi, akauliza polepole: "Na daktari wa meno?"

Silvère hakupepesa hata jicho. Akasema daktari yupo, patroni, ndiye aliyekuwa bwana harusi wa kwanza.

Watu walicheka hadi wakashikana. Baba hakucheka. Kuhusu kilomita, Ndihokubwayo alisema hazimhusu, bibi harusi hatazami kidirisha. Wakaandikiana hapo hapo juu ya toroli letu, kiongozi wa mtaa akiwa shahidi. Kwa hiyo hotuba yangu ya kuliangamiza gari imelitafutia mnunuzi bora. Nilikuja kama mwendesha mashtaka, nikawa tangazo la biashara.

Baba alikwenda akakaa ndani ya Kobe, peke yake, milango imefungwa. Niliogopa. Nilisogea dirishani. Alikuwa anatazama kidirisha cha Kobe. Akasema, si kwangu hasa, kwamba huyu hajawahi kumdanganya hata kilomita moja. Nikataka kusema pole. Nikasema sekunde nne si kidogo, Baba. Akanishika kichwa kwa mkono wa matope.

Kisha kioo cha upande wa pili kikagongwa. Ndihokubwayo. Akasema ana gari, hana dereva. Mpwa wake anaendesha kama mwizi wa mbuzi. Anataka mtu mzima, mwenye mkono mtulivu, anayeheshimu gari. Kila Jumamosi.

"Kila Jumamosi?" Baba akauliza.

"Labda za umuganda uanze saa tano."

Baba alitoka ndani ya Kobe kama mtoto wa miaka tisa.

Jioni magunia yalirudi bandani. Mama alinipa mkate wa kwanza kutoka tanurini, wenye ukoko, ule ambao kwa kawaida ni wa Baba. Akasema nilizungumza vizuri sana, ni vile tu hakuna aliyesikia.

Jumapili, 31 Agosti

Nimetafakari baada ya kanisa. Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba mwenye kuuza kitu cha zamani ana hadithi, na hadithi tamu ndiyo ya kuogopwa. Nimejifunza kutokubali hesabu inayolingana mno. Sidhani kama kuna mtu Kigali nzima anayeweza kunidanganya tena. Nimehisi utulivu wa mtu mzima.

Saa nane Silvère alipita akimpelekea Ndihokubwayo funguo za akiba. Alinisalimia kwa heshima, akasema msichana mwenye macho kama yangu hapaswi kwenda shule kwa miguu. Ana baiskeli. Ya mtawa mmoja wa Butare. Bluu, ina kikapu mbele! Alikuwa akiipanda kutoka nyumbani kwa masista hadi kwenye kikanisa chao, mita sitini, mara moja kwa siku, miaka ishirini. Hakuipeleka kwingine kokote. Kwenye gurudumu ina kihesabu kidogo, na kinasoma kilomita 876.

Sikukubali hivi hivi. Mimi si Baba! Nilichukua kikokotoo. Mita 60 kwenda, 60 kurudi, ni 120. Mara siku 365. Mara miaka 20. Kilomita 876. Kamili! Hadi mita ya mwisho! Uongo hauwezi kulingana hivyo. Na nilikagua raba za pedali: mpya kabisa. Ndivyo inavyokuwa kitu kisipotumika.

Atabadilishana na kikokotoo changu. Sitakihitaji tena, hesabu ngumu nimeshaimaliza.

Mama ameuliza swali la ajabu, mtu mzima anapanda baiskeli kwenda mita sitini ya nini. Mama hajui maisha ya watawa.

Hata hivyo mimi ni mtu wa shaka, na kuna jambo moja dogo halijaniridhisha. Nimemwandikia Silvère kwa simu ya Mama, nanakili hapa neno kwa neno:

Shikamoo Mzee Silvère. Ni Kaliza wa Niboye. Baiskeli naichukua, lakini nataka ukweli wote kwanza. Katika miaka ishirini kuna miaka mitano yenye siku 366, na zile siku tano za ziada hazimo kwenye kihesabu. Tafadhali nijibu leo kabla ya giza, maana Keith naye ameanza kuiulizia: siku hizo tano, sista alikwenda kwa miguu?